Falsafa Si Kibandiko: Kuisoma Mzalendo Kimathi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu chukua insha kadhaa za fasihi utazame aya inayohusu falsafa ya mwandishi. Aghalabu utakuta kauli moja tu: mwandishi anaamini kuwa haki hushinda dhuluma. Kauli hiyo yaweza kuhamishwa kutoka kitabu hiki hadi kingine pasi na kubadilishwa neno. Kwa sababu hiyo hasa, haifai alama.

Tutazame Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ambayo Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo waliichapisha mwaka wa 1976. Kesi yenyewe ilisikizwa hapa Nyeri mnamo Novemba 1956. Dedan Kimathi alishtakiwa kwa kupatikana na bastola wakati wa hali ya hatari, naye akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mbele ya hakimu swali lilikuwa jembamba: alikuwa na bastola au hakuwa nayo?

Tamthilia inalikataa swali hilo. Kimathi wa jukwaani anahoji mahakama ya mkoloni ilitoa wapi mamlaka ya kumhukumu. Je, sheria iliyotungwa bila ridhaa ya mtawaliwa yamfunga mtawaliwa? Hiyo ndiyo falsafa, nayo imezaliwa na mgogoro wenyewe. Msomaji anayetafuta methali ya kunukuu ataipita bila kuiona.

Zingatia pia wageni wanaomjia Kimathi seluni. Hawaji na kiboko pekee. Wanakuja na ahadi. Kesi inahama kutoka kizimbani hadi kwenye dhamiri yake. Hapa, kwa maoni yangu, watunzi wamewapunja wageni hao: hoja zao ni nyepesi mno, na jaribu jepesi halimpimi shujaa. Mtahiniwa ana ruhusa ya kusema hivyo, mradi atoe ushahidi.

Wapo watakaosema yatosha kuandika kwamba tamthilia ni ya Kimarx. Ndivyo pia tunavyombandika Kezilahabi udhanaishi kisha tukafunga kitabu, ilhali tasnifu yake ya mwaka wa 1985, aliyoiandikia Wisconsin, ilishughulikia tatizo lilo hili la falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi.

Darasani, andika ubaoni swali la hakimu na, kando yake, swali la tamthilia. Kisha waulize wanafunzi: ni tukio gani linalotuvusha kutoka la kwanza hadi la pili, na kwa nini mahakama haikuweza kulijibu hilo la pili?