Mtafsiri Wangu

Orodha iko ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni. Nimeiandika kwa wino mwekundu, kwa sababu siku hiyo kalamu ya bluu iligoma. Ni picha ishirini. Alizitaja mpwa wetu anayesoma Dar es Salaam, akatuletea kwenye flashi mbili, akasema hizi ndizo picha zenyewe, hizo nyingine mnazoangalia ni kelele tu. Mama watoto akamwambia tutaona. Tukapanga moja kila Jumamosi usiku.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mwigobero, Musoma. Mashine ninazofungua ni za mitumbwi ya sangara na dagaa, na za boti zinazovusha watu kwenda Kinesi. Jua la ziwani na petroli vimenila macho. Kwenye picha ya kigeni maandishi ya chini yanapita kabla sijamaliza neno la pili, tena ni ya Kiingereza. Mke wangu alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na macho yake bado ni ya kusahihisha madaftari. Kwa hiyo tangu Jumamosi ya kwanza yeye ndiye DJ.

Kwetu DJ si lazima apige muziki. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyesha video, wanajua: picha ya Kichina au ya Kihindi haikuwa na thamani mpaka mtu aitie Kiswahili. Hatukuuliza picha inahusu nini, tuliuliza nani katafsiri. Dar es Salaam alitamba Kapteni Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu. Kenya yuko DJ Afro, na sisi wa Mara kumsikia haikuwa shida, Sirari si mbali. Waganda wanawaita VJ, na VJ Jingo jina lake limevuka mipaka.

Kazi hiyo watu wengi wanaidharau kwa sababu inafanyika kibandani, kwenye benchi za mbao. Mimi naona ni ufundi kamili, na nasema hivyo kama mtu anayeishi kwa ufundi. Mtafsiri anashusha sauti ya picha akitaka kusema, anaipandisha risasi zikilia. Akitafsiri neno kwa neno atachelewa, na watu watacheka wakati steringi analia. Inabidi ashike maana, aitupe kwa ufupi, halafu awahi mdomo unaofuata. Adui akiingia, anakuonya kabla steringi hajageuka. Watu kumi na wawili wakifanana nguo, yeye anawapa majina ya kwetu ili usiwapoteze. Na kuna wengine, lazima niseme, wanaoharibu: wanapiga porojo kuanzia mwanzo hadi mwisho, picha inabaki kama kisingizio.

Japani walikuwa na watu wa namna hii kabla yetu. Enzi za picha zisizo na sauti, kando ya pazia alikaa mtu aliyeitwa benshi, akisimulia na kuigiza sauti za wote, wanawake kwa wanaume. Benshi hodari alijaza ukumbi kwa jina lake. Picha zenye sauti zilipofika, kazi ikafa. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa benshi; alijiua mwaka 1933. Mdogo wake akaja kuwa mwongozaji, na mwaka 1954 akatoa Seven Samurai, ambayo kwenye orodha yetu ni namba nne. Mpwa alipotuandikia habari hiyo kwenye simu, mke wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo tutaiangalia kwa heshima."

Ina saa tatu na dakika 27. Tuliikata Jumamosi tatu, na ya pili umeme ulikatika wavulana wawili wa jirani wakiwa wameshakaa sakafuni, maana sauti ya mama watoto hupita ukuta wa mabati. Kijiji cha wakulima kinavamiwa na majambazi kila mavuno yakiiva. Wakulima wanakwenda kutafuta wapiganaji, na malipo ya wapiganaji ni wali tu. Wapiganaji wanakula mchele, wakulima wenyewe wanakula mtama. Hapo hakuhitaji kutafsiri. Alisema tu, "Mnaona sahani ya nani ina nini," na wavulana wakaguna, kwa sababu nyumba ambayo ugali wa mtama ni wa wenyeji na wali ni wa mgeni wanaijua.

Tuligombana kwenye neno moja. Wale samurai saba aliwaita sungusungu. Nikamwambia sivyo: sungusungu ni wanakijiji wenyewe wanaojilinda, hawa ni watu wa kuja, tena wanalipwa. Akanijibu bila kugeuza uso kutoka kwenye picha, "Wewe baba, ngoja uone. Wanakijiji wanafundishwa mikuki, hao ndio sungusungu. Saba hawa ni walimu." Na kweli, kabla picha haijaisha wakulima walikuwa wamepanga mstari na mikuki ya mianzi. Bado nadhani mwanzoni alikosea, akajisahihisha njiani bila kukiri. Huo nao ni ufundi. Mashine ikikosa moto katikati ya ziwa, unarekebisha huku unapiga kasia, abiria asijue.

Namba saba ilikuwa Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Mtu wa Roma amepata kazi ya kubandika mabango, na bila baiskeli hana kazi. Baiskeli inaibwa siku ya kwanza. Anazunguka mji na mwanawe mdogo wakiitafuta. Mke wangu alianza vizuri, alimpa yule mtu jina la fundi baiskeli wa pale sokoni kwetu, tukacheka. Kadiri picha ilivyosonga maneno yake yakapungua. Mwishoni baba mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli, anakamatwa, anazabwa kofi mbele ya mtoto, na mwenye baiskeli anamwachia. Watu wanazungumza, maandishi yanapita chini. Yeye hakusema kitu. Nilimtazama, mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, na midomo imefungwa. Mtoto anamshika baba mkono, wanaingia kwenye umati. Sikukosa hata neno.

Nimesikia maDJ wengi, hilo hawakunifanyia. Kunyamaza mahali pake ni kazi ya miaka.

Tuko namba kumi na moja sasa. Juzi tuliruka zamu tukaweka Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, fupi, na ni ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mariamu anaumwa, hospitali imeshindwa, na yeye waganga anawaogopa. Nilielewa kila kitu. Mke wangu alikaa kimya, mikono mapajani, kama mwalimu aliyeingia darasa lisilo lake. Nusu saa haikufika, nikamwona anaanza kutikisa mguu.

"Huyu mganga," akasema mwishowe, mganga akiwa ndiyo kwanza anafumbua mdomo, "anamwambia hivi..."

Nikapunguza sauti ya picha.