Wakati Tenki Likijaa

Katika sheli nyingi za Marekani za miaka ya 1950, gari lilijitangaza lenyewe. Mpira mwembamba ulilazwa chini kukatiza njia ya kuingilia, ncha moja imezibwa, ya pili imeunganishwa na kengele ya ofisini. Tairi likiukanyaga, upepo uliomo ulisukuma utando mdogo, utando ukawasha swichi, kengele ikalia: mara moja kwa tairi za mbele, mara nyingine kwa za nyuma. Mhudumu aliyelala chini ya gari bovu akikaza nati alijua kuwa mteja amefika.

Huduma hii ilikuwa na historia ndefu. Kituo ambacho kampuni ya Gulf ilikifungua Pittsburgh mnamo Desemba 1913 kiliuza petroli kwa senti 27 kwa galoni, na kikatoa upepo na maji bure. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu zake. Faida ya petroli ilikuwa nyembamba. Fedha ya maana ilitoka kwenye tairi, betri, oili na matengenezo. Kwa hiyo mwenye sheli alihitaji sababu ya kufungua boneti ya kila gari.

Sababu hiyo ilipatikana katika muda wa kujaza tenki, na kifaa kilichoukomboa muda huo ni nozeli inayojizima. Karibu na ncha yake kuna kitundu. Mafuta yanapopita kwa kasi, huvuta hewa kupitia kitundu hicho. Tenki likikaribia kujaa, mafuta hukifunika. Hewa haipiti tena, mvuto unazidi ndani ya nozeli, utando unavutika na kufyatua kilango. Hakuna umeme wala kipimo cha tenki. Kabla ya nozeli hizo kuenea, mhudumu alisimama pale pale akisikiliza mlio wa mafuta ukipanda. Zilipokuja, alitega kishikio akaondoka, mikono yake miwili ikiwa huru.

Mikono hiyo ilikuwa na kazi nyingi. Alifuta wadudu kwenye kioo cha mbele, akatazama rejeta (bila kuifungua ikiwa ya moto), akaangalia maji ya betri na kupima upepo wa tairi. Oili ndiyo iliyodai umakini zaidi, maana injini za wakati ule zilikuwa zikiila. Stiki ilichomolewa, ikafutwa kwa kitambaa, ikarudishwa hadi mwisho, ndipo ikachomolewa tena kusomwa, kwa kuwa mara ya kwanza huwa imerukiwa na oili na haisemi kweli. Mhudumu mzuri aliipeleka hadi dirishani ili dereva aone alama mwenyewe. Wasio waaminifu waliisukuma nusu tu, oili ikaonekana pungufu, wakauza kopo lisilohitajika. Ulaghai huo uliumiza kazi ya heshima iliyookoa injini nyingi.

Mwaka 1964, huko Colorado, zilianza kutumika pampu zilizoendeshwa na karani akiwa ndani ya duka, na mteja akajijazia. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ukafanya kila senti ihesabiwe. Bei ilipokaribia dola moja kwa galoni mwishoni mwa muongo huo, pampu nyingi za gia hazikuwa na nafasi ya tarakimu hiyo. Baadhi ya vituo viliziweka kwenye nusu ya bei, kisha vikazidisha mara mbili wakati wa kulipa.

New Jersey, kwa sheria ya 1949, bado inamkataza dereva kujijazia petroli. Oregon ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1951 na kulegeza kamba katika jimbo zima mwaka 2023. Dar es Salaam na Nairobi, mhudumu ndiye anayeshika nozeli hadi leo, na kabla ya kuminya humwonyesha dereva kwamba pampu inasoma sifuri. Boneti, hata hivyo, hufunguliwa kwa nadra: betri nyingi sasa hazihitaji kuongezwa maji, na injini nzima hula oili kidogo sana kati ya servisi moja na nyingine.