Anza na Behewa Tupu

Picha ya treni ndefu ya mizigo inazunguka kwenye simu za watu hapa Lubumbashi, na kila anayeiona anaisifu. Sifa hizo zinaniudhi. Mabehewa matupu yamechomekwa katikati ya yaliyojaa! Kwenye kona, mashini ikivuta mbele na uzito ukigoma nyuma, behewa jepesi la katikati ndilo linalotoka relini. Mazito hukaa karibu na mashini, matupu mkiani. Urefu hauonyeshi ufundi wowote.

Treni nzuri ya kutoka hapa hupangwa kwa kufikiria Tenke, njia zinapoachana: mabehewa ya Kolwezi na Dilolo kundi lake, ya Bukama na Kamina kundi lake, na ya Likasi yawe mahali yanapokatwa kwa manuvra moja. Manuvra ya pili ni uvivu wa aliyepanga.

Lakini asiyejua kazi hutazama mzigo tu. Wewe tazama behewa tupu, tena liangalie chini, pale gurudumu linapogusa reli. Behewa linalotembea, chuma hicho hung'aa. Likisimama, mvua moja ya Desemba inatosha kukipaka kutu nyepesi ya rangi ya chungwa; likizidi kulala, kutu inakolea kuwa kahawia. Daftari linaweza kusema behewa limepakuliwa jana. Kutu inakwambia limelala majuma. Na kulala kuna gharama. Reli ilifika hapa mwaka 1910 kutoka kusini, kwa upana uleule wa milimita 1,067 unaofika hadi Afrika Kusini, kwa hiyo behewa la jirani huingia kupitia mpaka wa Sakania bila kuhamisha mzigo. Kila siku linapolala kwako, mwenyewe anadai kodi.

Nilimjua mzee mmoja wa triyaji, uwanja wa kupangia treni, aliyelelewa na watu wa BCK, kampuni ya zamani ya reli ya hapa. Kila alfajiri alitembea kando ya mabehewa na chaki mkononi, akiinama kwenye kila gurudumu. Shefu mmoja, aliposikia mzee anakuja kukagua, aliamuru matupu yake yasukumwe mbele na nyuma usiku kucha mpaka magurudumu yakang'aa. Mzee hakubishana. Alikwenda kwenye njia yalikotolewa, akaonyesha nyasi: zilizokaa chini ya mabehewa zilikuwa njano na dhaifu, za kando kijani. Akahesabu mabaka hayo ya njano, akayapata mabehewa yote yaliyokuwa yamelala.

Wazee wa reli walipenda mzigo wa kwenda na wa kurudi. Makaa ya mawe yalipanda kutoka migodi ya Wankie kwa ajili ya tanuri la shaba la Lubumbashi lililowashwa 1911. Shaba ikashuka kuelekea Beira. Ulikuwa mzunguko mzuri, na sijaona mzuri zaidi. Siku hizi shefu anakaa mbele ya kompyuta na viatu vyake havina vumbi. Asiyetembea kando ya treni asipewe treni ya kupanga.

Tangi la mafuta lisamehe likirudi tupu, maana huwezi kulijaza shaba. Behewa la wazi usilisamehe. Likishuka Sakania tupu ilhali kathodi za shaba zimepangwa uani zikingoja usafiri, waache wengine wapige picha. Wewe mtafute aliyetia saini.