Daraja la Pagla: Gofu Machoni pa Mkusanya Kodi

Miongoni mwa picha za *Antiquities of Dacca*, kitabu kilichotolewa London kwa mafungu kuanzia mwaka 1814, imo moja iitwayo *Paugla Pool*. Aliyeichora ni Charles D'Oyly, mkusanya kodi wa Kampuni ya Kiingereza mjini Dhaka tangu 1808. Mabamba ya shaba yalichongwa na John Landseer.

Yafaa tuanze na jina. Mwenye kujua Kiingereza tu atadhani kwamba hapa pana bwawa. Sivyo: *pool* ni *pul*, neno la Kifarsi lililoingia Kibengali kwa maana ya daraja, na *pagla* ni mwendawazimu, ndilo jina la mto wenyewe. Mfasiri asiyechunguza tahajia za wakati ule atatumbukia majini kabla hajavuka.

Daraja hilo lasemekana kujengwa kwa amri ya Mir Jumla, liwali wa Bengal toka 1660 hadi 1663. Tavernier, mfanyabiashara wa Kifaransa, alipopita hapo mwaka 1666 alilisifu kuwa daraja zuri la matofali. Katika picha twaliona limebomoka, mimea imelivamia, na mji wa Dhaka uko mbali kabisa.

Ustadi wa kazi hii haukanushiki, nasi twaishukuru kwa kutuhifadhia umbo la minara yake. Lakini picha yataka tuamini kwamba mbomoaji ni mto na mizizi peke yake. Haituambii kwamba makao ya utawala yalihamishiwa Murshidabad mwaka 1717, wala kwamba tangu 1765 kodi ya Bengal ilikuwa mikononi mwa Kampuni iyo hiyo iliyomwajiri mchoraji. Aliyekusanya mapato ya nchi aliuchora uchakavu wake bila ya kujichora mwenyewe.

Katika miaka iyo hiyo, au karibu nayo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate katika *Al-Inkishafi*. Naye hataji sababu za kisiasa. Ila anausemesha moyo wake mwenyewe, na hivyo mtazamaji yumo katika hukumu. Hiyo ndiyo tofauti iliyo kubwa. Basi tunapozifundisha picha za namna hii, tusiulize tu ni nini kilichoanguka, bali pia ni nani aliyesimama kando akitazama, na kwa cheo gani.