Miguu na Mikono ya Jeshi

Katika maandishi yaliyo chini ya Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, wapagazi wa vita vya 1914-1918 wamesifiwa kwa sitiari: wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno ya asili ni ya Rudyard Kipling, na sitiari yenyewe haichukizi sikio. Walakini yafaa ipimwe kwa maisha ya huyo anayesifiwa. Kiungo hakina hiari; huamriwa na kichwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli, ingawa yamkini mtungaji hakukusudia kuungama.

Katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuandikwa upagazi kwa nguvu, na mwaka 1917 msako ulizidi chini ya John Ainsworth. Mkulima alinyang'anywa jembe akatwikwa mzigo kwa ujira wa rupia 5 au 6 kwa mwezi. Wengine walikimbilia mashamba ya walowezi wakawa vibarua, maana hata kazi ile ilikuwa nafuu. Waliokufa upande wa Waingereza, wengi wao kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi, serikali yenyewe iliwahesabu kuwa zaidi ya 40,000.

Kosa kubwa limo katika sentensi ya mwisho. Hapo msomaji huahidiwa kwamba mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. (Nchi ya nani, hilo ni swali jingine.) Ahadi ina sharti, na sharti ni kupigana. Mpagazi hakupigana, alibeba. Basi kwa sarufi ya ahadi hiyo yeye hamo.

Sanamu ya Nairobi ya mwaka 1928 ina haki zaidi, kwa kuwa mpagazi amesimama pamoja na askari. Ile ya Dar es Salaam ina askari peke yake na bunduki yake. Lakini mji huo huo umemhifadhi mpagazi kwa njia nyingine: mahali palipokuwa na kambi ya Carrier Corps, baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, pakaitwa Kariakoo. Neno lilipokewa kwa sikio, si kwa jicho. Konsonanti zisizotamkwa ziliachwa, na irabu ya mwisho ikawa mbili, hata mkazo ukaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ipasavyo. Nairobi wao husema Kariokor, na humo r ya mwisho imesalia.