Elizabeth wa Toro: Asili Tunayoisimulia Nusu

Sisi wa Kasenyi tukivuka ziwa Albert tunafika Uganda. Pirogi zinakwenda Ntoroko na kurudi, na habari za watu zinavuka pamoja na samaki. Moja inapendwa sana: ile ya Elizabeth Bagaaya, binti mfalme wa Toro aliyekuwa mwanamitindo Ulaya na Marekani. Ikisimuliwa, hakosi mtu wa kusema: "Ule ni mutu wetu!" Hapo ndipo tuna neno.

Alizaliwa mwaka 1936, baba yake akiwa Omukama George Rukidi III, mama yake Kezia Byanjeru. Alisoma Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupokelewa kuwa wakili Uingereza. Mwaka 1967 serikali ya Uganda ilifuta falme. Mwaka uleule alionyesha mavazi London kwa mwaliko wa Princess Margaret, kazi ikaanza. Ufalme ulifutwa, lakini jina "Elizabeth wa Toro" liliendelea kusomwa katika magazeti ya mitindo.

Hilo tunalisifu. Mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alimtangaza Iman, Msomali, eti ni mchunga mifugo wa porini. Kumbe alikuwa binti wa mwanadiplomasia na alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi! Elizabeth yeye aliandika asili yake mwenyewe, katika kitabu African Princess cha mwaka 1983.

Lakini kitabu hicho kinasimama upande wa jumba la kifalme, na sisi tunaosimulia tumezidisha. Tunahesabu ukoo wa Babito kwa baba, mfalme juu ya mfalme, kama damu moja isiyochanganyika. Si vile. Mapokeo yenyewe yanasema Babito walitoka kwa Waluo wa kaskazini, wakaoa huku, wakashika lugha waliyoikuta. Toro nayo ilizaliwa karibu mwaka 1830, Kaboyo alipojitenga na baba yake, mfalme wa Bunyoro. Hata empaako, jina la upendo na heshima analopewa mtoto (lake Elizabeth ni Akiiki), husemwa lilikuja na Waluo hao.

Tena kuna wale tunaowaacha nje. Mwaka 1962, ndani ya Toro hiyohiyo, Bakonzo na Baamba walikataa kutawaliwa na jumba hilo, wakaanzisha Rwenzururu. Bakonzo ni ndugu za Banande wa Beni na Butembo. Wao wakisikia sifa za ufalme wa Toro, wanakumbuka mambo mengine.

Kwetu Ituri hili si mchezo. Toka 1999 mpaka 2003, maneno ya "nani alitoka wapi" yalisaidia kuua watu wengi. Na bado tunaona kwa macho: Bahema wa kusini wanasema lugha iliyo jirani na Kinyoro, Bahema wa kaskazini wanasema Kilendu. Basi lugha na ukoo havikutembea njia moja.

Kumwita Elizabeth mutu wetu si kosa. Kosa ni kumtaja ili kumfukuza jirani. Tukiwasimulia watoto habari zake, tutaje baba na mama, Waluo na Banyoro, na Bakonzo walionung'unika. Hiyo ndiyo asili yake nzima, na inafanana sana na yetu.