Mbaazi Bila Kitunguu

Mwambie mpishi yeyote wa Tarime apike mchuzi, na mkono wake utaanzia kwenye kitunguu. Ndivyo tulivyolelewa: kitunguu kwenye mafuta, nyanya zifuate, mengine yatajipanga. Sasa mwambie mpishi huyo huyo kwamba wageni wa jioni hii wametoka Ahmedabad kule Gujarat, India, ni Wajaini, hawali nyama, samaki wala mayai. Hawali pia kitunguu, kitunguu saumu, kiazi, karoti, wala chochote kinachong'olewa na mzizi wake. Halafu mpe jiko la mkaa chini ya hema, upande wa Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali ambapo ukisahau chumvi utaifuata Mugumu kwa mwendo mrefu wa vumbi.

Kazi hiyo nimeitazama ikifanywa katika kambi moja ya kuhamahama, zile zinazosogea mto Mara kati ya Julai na Oktoba kuwasubiri nyumbu. Mpishi ni Mkurya wa Tarime. India hajafika, wala haoneshi kuitamani. Lakini mtu akitoka kule, akavuka bahari, akashinda kutwa kwenye gari akitafuta chui, jioni anakula chakula ambacho kwao kingetoka jikoni kwa mama yake.

Kwanza kuna sharti lenyewe. Kwa imani ya dini yake, Mjaini anaepuka kuua. Ukichuma mbaazi, mmea unabaki umesimama. Ukichimba kiazi umeumaliza mmea mzima, pamoja na vijidudu vilivyokuwa vikiishi kwenye udongo wake. Manjano na tangawizi nazo zimetoka ardhini, lakini zikishakaushwa na kusagwa wengi huzikubali. Mpishi anayajua haya, na bado huuliza upya kwa kila kundi, kwa sababu wapo wanaojilegezea masharti wakiwa safarini, na wapo wasiokunywa hata maji baada ya jua kuzama. Sufuria za wageni hawa zina alama ya rangi. Ubao wao wa kukatia haujawahi kuguswa na nyama.

Nilitaka kujua pengo la kitunguu linazibwa na nini. Jibu lilikuwa ndani ya kikopo kilichofungiwa ndani ya kikopo kingine: mvuje. Watu wa pwani wanaujua kama dawa ya kufukuzia mashetani, na ukifungua kifuniko unaelewa kwa nini shetani angeondoka. Ni utomvu mkavu unaotoka Iran na Afghanistan, na uvundo wake hutokana na salfa, kama ilivyo kwa kitunguu na saumu. Ukiingia kwenye mafuta ya moto uvundo unatulia, inabaki ladha ya kitunguu kilichokaangwa taratibu bila kitunguu kuwapo. Ukizidisha, sufuria nzima inakuwa na ladha ya dawa.

Mbaazi zilizopasuliwa alikuwa amezilowesha tangu mchana. Katika nyanda hizi za juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo mazao ya jamii ya kunde huiva kwa uvivu, na asiyezilowesha atapakua saa tatu usiku. Mbaazi, kwa kweli, ni mali yetu: Tanzania huuza nyingi India, na India ilipoweka ukomo wa kuagiza mwaka 2017, wakulima wa hapa nchini waliona bei ikiporomoka. Hakuna mgeni aliyeulizia habari hiyo, na mpishi hakuileta mezani.

Zilipolainika alizipekecha mpaka zikawa uji, akatia manjano, chumvi, ukwaju na kipande cha sukari guru, kwa sababu Wagujarati hupenda mbaazi zao ziwe chachu na tamu kwa pamoja. Alionja mara tatu. Mtu aliyekulia kwenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa Wakurya, nadhani, ana ulimi uliozoea kupima uchungu na uchachu kwa makini, ingawa yeye mwenyewe aliponisikia nikisema hivyo alicheka tu.

Kisha ikaja sehemu ambayo ningeweza kuitazama kila siku. Karai dogo, mafuta kidogo. Akadondosha punje moja ya haradali akangoja. Kimya. Akangoja tena. Punje iliporuka ndipo akamwaga zilizobaki, na karai likaanza kulia kama mvua ya mawe kwenye bati. Kijana msaidizi alikuwa ameshika bizari nyembamba tayari kuimwaga.

"Subiri, mura."

Alitaka haradali imalize kuruka, maana isiyopasuka hubaki chungu. Bizari ikafuata, nayo akaiacha hadi ilipobadilika rangi tu, kisha mvuje wa kushika kwa ncha za vidole viwili, pilipili kavu, na papo hapo karai likatoka motoni. Mafuta huendelea kupika hata yakiwa nje ya moto; anayengoja kuona pilipili imekuwa nyeusi ameshachelewa. Akayamimina juu ya mbaazi na kufunika sufuria hapo hapo, moshi usipotee.

Chapati zilikuwa jambo jepesi zaidi, ila nazo zina namna yake. Si zile zetu za kusukuma, zenye mafuta na matabaka. Hizi ni nyembamba, hazina mafuta, zinageuzwa kwenye chuma kisha zinatupwa juu ya mkaa wenyewe hadi zitune.

Yote haya yanakimbizana na jua. Mkoani Mara jua huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja mwaka mzima, na magari ya wageni hurudi muda huo huo. Kwa kundi lile, ambalo halikula baada ya jua kuzama, mezani ilibidi kuwe tayari kabla hawajanawa vumbi.

Walikuwa wamekuja na akiba yao: makopo ya thepla, mikate myembamba ya uwatu ambayo Wagujarati hubeba safarini kwa kuwa haiharibiki upesi, na kwa kuwa hawayaamini majiko ya watu. Jioni ya kwanza waliyaweka mezani. Jioni ya pili hayakutoka hemani. Mama mmoja wa makamo alikuja jikoni kuuliza ni nani alikuwa amewafundisha, akaonyeshwa mpishi, akaomba afunuliwe sufuria ahakikishe kwa macho kwamba hakuna kitunguu.